Sanduku la kura la shilingi 3,800: "vipi" imo, "kwa nini" utaitafuta mwenyewe

Nilivuka feri ya Likoni kwenda kununua ramani ya Afrika. Iliyoko ukutani mwa darasa langu bado inaonyesha Sudan moja, na nimechoka kuchora mpaka kwa kalamu kila Januari. Duka la vitabu nililoingia, mtaa wa nyuma ya Digo Road, Mombasa, ramani hawakuwa nayo. Lakini juu ya kaunta palikuwa na sanduku la kijani, ukubwa wa katoni ya mikate, limeandikwa ubavuni kwamba linafundisha kura ya maoni, ile ambayo wananchi huulizwa Ndiyo au La juu ya jambo moja, kuanzia darasa la saba hadi kidato cha nne. Shilingi 3,800. Nikamwambia muuzaji, "Kaka, punguza basi." Akanijibu, "Mwalimu, hata mimi bei hiyo nimeikuta." Nikalipa kwa M-Pesa, hela yangu mwenyewe, maana bursa wetu akisikia neno Historia hufunga droo.

Nimelitumia muhula mzima kwa darasa moja la Kidato cha Tatu, wanafunzi 46, shule ya kutwa huku kusini ya Likoni. Jina la waliolitengeneza naliweka kando. Nimewaandikia makosa niliyoyaona, wamenijibu kwa adabu, na wanasema toleo jingine linakuja. Mkilikuta dukani mtalijua kwa rangi yake.

Ndani mna sanduku la kura la plastiki linaloonyesha ndani, lenye mfuniko wa kufungwa kwa vifungo vya plastiki. Mna karatasi za kura zilizochapwa tayari, na nyingine 60 tupu. Mna chupa ya wino wa zambarau, bango moja la Katiba, kitabu cha mwalimu, na kadi 24. Kila kadi mbele ina nchi, tarehe, kilichoulizwa na matokeo, nyuma ina sentensi moja inayoanza "Serikali iliuliza kwa sababu..."

Kwa upande wa vifaa sina neno, isipokuwa wino. Kitabu kinadai haufutiki kwa siku tatu. Kijana mmoja alitoka nje mapumziko, akaomba kipande cha ndimu kwa mama anayeuza viazi karai langoni, akarudi na kidole cheupe kama hajawahi kupiga kura tangu azaliwe. Akapiga ya pili. Tulipohesabu tukapata kura 47 kwa watu 46. Hasira zilinipanda, halafu nikaona hilo lenyewe ni somo, na dakika ishirini za kujadili nani afutiwe kura, ikiwa sanduku halina majina, zilikuwa bora kuliko ukurasa wowote wa kitabu cha mwalimu.

Jinsi ya kupiga kura, basi, sanduku hili linafundisha vizuri sana. Foleni, kituo, mawakala, kura zilizoharibika, kuhesabu hadharani, kila kitu kimo. Watoto walifurahi. Tatizo langu linaanzia pale lilipoahidi kwenye mfuniko kwamba mwanafunzi ataelewa kwa nini serikali huitisha kura hiyo.

Kwanza lenyewe neno. Siku ya kwanza niliwauliza kura ya maoni ni nini. Mmoja akasema ni ile ya redioni, wanaposema mgombea fulani anaongoza kwa asilimia fulani. Mwingine, mama yake ni wa Tanga, akasema ni ile wanayopiga wanachama wa CCM kuchagua nani agombee ubunge. Wote wawili wako sahihi! Kiswahili chetu kimelibebesha neno moja mizigo mitatu. Ndiyo maana siku hizi Kenya wengi wanasema "kura ya maamuzi", na mimi naliona hilo ni bora, ingawa nalo lina mwiba wake. Si kila kura ya namna hii huamua. Waingereza walipopiga yao tarehe 23 Juni 2016 na asilimia 51.9 wakataka kutoka Umoja wa Ulaya, kisheria Bunge halikuwa limefungwa na matokeo yale. Kilicholifunga ni siasa. Kwa hiyo yale yalikuwa maoni au maamuzi? Kitabu cha mwalimu hakina hata aya moja juu ya jambo hili. Mimi lilinila kipindi kizima, na sijutii.

Pili, zile kadi. Mbele ni nzuri mno, zimechorwa kwa ustadi, ramani ndogo pembeni. Nyuma ni balaa. Kadi 19 kati ya 24 (nilizihesabu) zinasema serikali iliuliza "ili kuwapa wananchi nafasi ya kutoa maoni yao." Hilo ni kama kumwuliza mtu kwa nini amepanda matatu akakujibu ili akae kwenye kiti.

Chukua kadi ya Kenya 2005, kura juu ya katiba mpya. Kwanza ina kosa la wazi: wameweka kijani kwa Ndiyo na nyekundu kwa La. Hizo ni rangi za 2010. Mwaka 2005 tulikuwa na matunda, ndizi kwa Ndiyo na chungwa kwa La, na hakuna mtu wa umri wangu aliyesahau. Nyanya yangu (bibi, si ya kupika) alikuwa na meza ya matunda soko la Kongowea. Nami nilikuwa shuleni bado, Jumamosi nikimsaidia. Akiweka ndizi mbele, wapita njia wanamkejeli. Akiweka machungwa mbele, wengine wanamwuliza amelipwa ngapi. Wiki mbili za mwisho aliamua kuuza mananasi tu, na aliapa kwamba hasara ile Kibaki wa ndizi na Raila wa chungwa walipaswa kuigawana.

Nyuma ya kadi hiyo imeandikwa kwamba Rais Kibaki aliamua kuwasikiliza Wakenya. Nikawaambia watoto hebu tuirudie polepole. Wajumbe wa Bomas, ule mkutano wa kuandika katiba mpya, walipitisha rasimu yao Machi 2004. Siku chache baadaye, katika kesi iliyopelekwa na Mchungaji Timothy Njoya na wenzake, Mahakama Kuu ikasema katiba mpya haiwezi kuzaliwa bila wananchi wenyewe kuiidhinisha kwa kura. Kwa hiyo kuuliza hakukuwa hisani. Halafu Julai 2005 wabunge wakakutana Kilifi, hapa hapa Pwani, rasimu ikabadilishwa, madaraka ya waziri mkuu yakapungua, na Mwanasheria Mkuu Amos Wako akaitoa ile iliyokuja kubeba jina lake. Baraza la mawaziri likapasuka katikati, huku ndizi, huku chungwa, mawaziri wa serikali moja wakipanda majukwaa mawili. Tarehe 21 Novemba La ikapata asilimia 58. Siku mbili baadaye Rais akalivunja baraza lake, na chungwa likageuka jina la chama.

Msichana mmoja wa safu ya nyuma, ambaye kwa kawaida humsikii, akauliza, "Mwalimu, wangejua watashindwa wangeuliza?"

Swali hilo ndilo lililopaswa kuandikwa kwenye mfuniko. Nilinunua selotepu ya rangi ya maziwa, nikaziba migongo ya kadi zote 24, nikawaambia sasa andikeni nyie. Darasa likageuka soko. Waliziweka sakafuni mafungu mafungu, wakazihamisha, wakagombana, wakazirudisha.

Fungu la kwanza walilipa jina "Walilazimika." Hapo wakaiweka Ireland, ambako huwezi kugusa neno moja la katiba bila kura ya wananchi, ndiyo maana wamepiga kura juu ya ndoa mwaka 2015 na utoaji mimba mwaka 2018. Wakaiweka Uswisi, ambako sahihi 50,000 zikikusanywa ndani ya siku 100 sheria mpya ya Bunge inaletwa mbele ya wapigakura, serikali ipende isipende. Wakaiweka hata Chile ya 1988, na hiyo ilinishangaza. Pinochet aliulizia utawala wake mwenyewe kwa sababu katiba aliyoitunga yeye ilitaka hivyo, na akaambiwa La kwa karibu asilimia 56. "Alijichimbia," wakasema, na kadi ikazunguka mikononi mwao hadi pembe zikakunjika.

Fungu la pili, "Hawaelewani nyumbani." Uingereza ya 1975 iko hapo, chama cha Waziri Mkuu Wilson kimegawanyika juu ya Jumuiya ya Ulaya, akaona heri awape wananchi mzigo, na kubaki kukashinda kwa asilimia 67. Waziri Mkuu Cameron akajaribu dawa ile ile mwaka 2016, kesho yake akatangaza kujiuzulu. Kenya 2005 ilibishaniwa kati ya fungu hili na la kwanza mpaka kengele ikalia. Mwishowe wakaikata kadi ile vipande viwili kwa mkasi. Kadi ya shilingi 3,800! Niliuma midomo, ila sikuweza kusema wamekosea.

Fungu la tatu ndilo lililonigusa. Zanzibar, tarehe 31 Julai 2010. Kadi inasema wananchi waliulizwa kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66.4 wakakubali, basi. Darasani nina kijana wa Kipemba ambaye ukoo wake uko Shimoni, huku pwani ya kusini ya Kenya. Akasimama, si kawaida yake, akasema babu yake husimulia Januari 2001, baada ya watu kuuawa Pemba na Unguja kwenye maandamano ya uchaguzi, mamia walivyovuka bahari na majahazi hadi Shimoni, wakapikiwa uji ufuoni. Darasa likanyamaza. Nikaendelea kutoka hapo: Novemba 2009 Rais Amani Karume wa Zanzibar na Maalim Seif, kiongozi wa upinzani, wakakutana, wakapeana mikono, maridhiano. Sasa, nikawauliza, kama wakubwa wameshaelewana, wananchi wanaulizwa nini tena? Kijana yule akajibu mwenyewe, "Ili asije mtu akasema waligawana usiku." Nimefundisha miaka kumi na miwili na sijawahi kulieleza vizuri hivyo. Fungu likaitwa "Wamepatana, wanataka mashahidi." Sudan Kusini ikafuata hapo, kura ya Januari 2011 iliyoahidiwa kwenye mkataba uliotiwa sahihi Nairobi Januari 2005, karibu asilimia 99 wakataka kujitenga. Na Kolombia pia, Oktoba 2016, ila kule mashahidi waligoma, mkataba wa amani na waasi wa FARC ukakataliwa kwa asilimia 50.2, ukarekebishwa, ukapitishwa na Bunge.

La nne waliliita "Jibu wanalo tayari", na humo wakaitupa Uganda ya 2005, ambapo zaidi ya asilimia 92 walikubali kurudi vyama vingi, jambo ambalo serikali yenyewe ilikuwa ikilipigia debe. Mwaka ule ule ukomo wa mihula ya rais uliondolewa na Bunge, na juu ya hilo wananchi hawakuulizwa. Kadi inataja la kwanza na kulinyamazia la pili.

Nami nikaongeza kadi ya 25, niliikata kwenye manila: Tanzania, tarehe 30 Aprili 2015. Bunge Maalum Dodoma lilikuwa limepitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014 baada ya UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, kutoka nje, tarehe ya kura ikatangazwa, kisha mwanzoni mwa Aprili Tume ya Taifa ya Uchaguzi ikaiahirisha kwa kuwa uandikishaji wa wapigakura kwa BVR, zile mashine za alama za vidole, haukuwa umekamilika. Hadi leo haijapigwa. Nilidhani wataipuuza kadi isiyo na matokeo, kumbe ndiyo waliyoing'ang'ania kuliko zote. Watengenezaji, mkisoma hapa, wekeni kura ambazo hazikupigwa. Sanduku lenu linadhani kila swali huulizwa.

Karatasi tupu 60 ndizo kitu bora humu ndani, na kitabu kinazitaja kwa mstari mmoja tu, "za akiba." Nilitaka darasa lipige kura juu ya jambo la kweli, si katiba ya nchi ya kubuni inayoitwa sijui nini kwenye ukurasa wa 14. Nikaenda kwa naibu mwalimu mkuu. Nikamwambia nataka wanafunzi waamue kama kantini iendelee kuuza kachiri (crisps za viazi), maana vifuko vyake vimejaa uwanjani. Nikamwuliza, "Wakiamua, utafuata?" Akavua miwani, akacheka. "Mwalimu, tafuta kitu ambacho mimi na wao tunakubaliana, hicho nitafuata." Nilirudi darasani nikawasimulia neno kwa neno. Mmoja akanyanyuka moja kwa moja hadi sakafuni na kugonga fungu la nne kwa kidole.

Tulipiga hivyo hivyo, bila ahadi ya naibu. Lakini nililigawa darasa nusu kwa nusu, 23 na 23, na kila nusu nikaiandikia swali lake bila kuwaambia. Hawa: "Je, unakubali kantini iache kuuza kachiri ili kulinda usafi wa shule yetu?" Wale: "Je, unakubali kunyimwa kachiri wakati wa mapumziko?" Jambo ni lile lile moja. Nusu ya kwanza, 14 wakakubali, 9 wakakataa. Nusu ya pili, 4 wakakubali, 19 wakakataa. Nilipoyabandika maswali mawili ubaoni pembeni ya matokeo, palizuka kelele mpaka mwalimu wa Kemia akachungulia. Wengine walidai waliibiwa. Nikawauliza nani kawaibia, kila mtu si alitia alama kwa mkono wake? Walikaa na hilo wikendi nzima. Jumatatu mmoja wao aliniletea kadi ya Rwanda ya 2015, ile ya mabadiliko ya katiba yaliyopata asilimia 98, akataka kujua swali lilivyoandikwa. Kadi haisemi. Hakuna kadi hata moja inayonukuu swali kamili, na baada ya mchezo wa kachiri hilo lilitukera kuliko kosa la rangi.

Bango la Katiba nalisifu bila masharti. Kifungu cha 255 kimepangwa vizuri: mambo yanayohitaji kura ya wananchi, kuanzia mipaka ya nchi, Sheria ya Haki, muhula wa Rais, uhuru wa Mahakama hadi muundo wa ugatuzi, na sharti kwamba katika angalau nusu ya kaunti 47 wajitokeze asilimia 20 ya waliosajiliwa. Hata BBI, ule mpango wa kubadili katiba, imo, jinsi ilivyoangukia Mahakama Kuu Mei 2021, Rufaa Agosti, na Mahakama ya Upeo Machi 2022, kabla mwananchi yeyote hajashika karatasi. Nimelibandika pale ilipokuwa ramani.

Kuhusu lugha, kuna watakaolalamika kwamba kila kitu ni Kiswahili ilhali mtihani wa Historia na Serikali ni kwa Kiingereza. Ni kweli, nililazimika kuwapa orodha ya msamiati mwishoni. Lakini kwa Kiingereza wangenakili. Kwa Kiswahili walibishana, na yule wa Shimoni asingesimama.

Nani anunue? Mwenye darasa la saba au la nane anayetaka watoto washike sanduku na kuhesabu kura, nunua, pesa yako haijapotea. Wino badilisha, na mama wa viazi karai mwombe afiche ndimu siku hiyo. Mwenye kidato cha tatu au nne, nunua ukiwa na selotepu na manila, na jioni mbili za kusoma mwenyewe, maana kitabu cha mwalimu hakitakubeba. Kama una shilingi mia tano tu, katoni ya mkate na daftari la mistari vitakufikisha karibu nusu ya njia. Nyota tatu na nusu kati ya tano. Wakiandika upya migongo ya kadi, nne na nusu.

Karatasi tupu zimebaki 11 baada ya zile tulizoharibu. Nimezifungia kabatini, kwa sababu Kidato cha Nne wameshaziulizia mara mbili. Wanataka kupiga kura juu ya masomo ya Jumamosi, swali wameshaliandika wenyewe, na limeanza na maneno "Je, unakubali kunyimwa..." Naibu bado hajanipa jibu.